Sura ya Tano: Kitabu Kinachokutosha

Mtu mzima akiamua kujifunza Kiingereza kwa juhudi zake mwenyewe, kitu cha kwanza anachonunua mara nyingi ni kamusi nene. Cha pili ni kitabu cha sarufi, nacho kinene. Cha tatu, akiwa na hamu ya makuu, ni riwaya aliyoisikia ikisifiwa: ya Achebe, ya Ngũgĩ, pengine hata ya Dickens. Miezi mitatu baadaye kamusi iko juu ya kabati, sarufi imeishia kwenye mada za mwanzo, na riwaya ina alama za penseli kwenye ukurasa wa kwanza tu. Kila mstari una maneno mawili matatu yaliyopigiwa mstari, na tafsiri zake zimebanwa pembeni kwa herufi ndogondogo. Ukurasa wa pili ni msafi kabisa, kwa sababu msomaji hakuufikia.

Lawama humwangukia mwanafunzi: hana bidii, kichwa kizito, umri umekwenda. Mimi nailaumu rafu. Vitabu vyote vitatu ni vizuri, lakini vilichaguliwa kwa sifa zake bila kumtazama atakayevisoma. Kumwandikia kitabu mtu anayejifunza lugha ya kigeni ni ufundi, na kwa Kiingereza ufundi huo una historia ya karibu miaka mia moja. Waliouasisi walikuwa walimu waliokuwa kazini Bengal na Japani. Walichokigundua ni kwamba mwanafunzi anahitaji kitabu kilichopunguzwa kwa makusudi mpaka kimtoshe. Ukielewa walipunguza nini na kwa nini, utajua la kununua hata ukiwa umesimama mbele ya meza ya vitabu vya mtumba, muuzaji akikuhimiza uchukue kile chenye jalada gumu.

Mwalimu wa Dhaka

Michael West alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu Dhaka, Bengal, wakati wa ukoloni. Alichokiona huko kitawagusa walimu wengi wa Afrika Mashariki. Watoto walianzishwa Kiingereza kwa mpango uliodhani kwamba wote watafika chuo kikuu, ilhali wengi waliacha shule njiani. Aliyeishia mwaka wa pili au wa tatu aliondoka na vipande vya lugha visivyoungana: orodha za maneno, kanuni kadhaa, beti za kukariri. Hakuweza kuzungumza, hakuweza kusoma, na baada ya muda alisahau hata kile kidogo.

West alichukua mfano kutoka kwenye bima. Mtu akivunja bima ya maisha kabla ya muda wake, hupata kiasi fulani kutokana na alichokwisha kulipa. Somo la lugha nalo, alisema, lipangwe hivyo: yeyote anayeacha, wakati wowote anaoacha, awe ameshapata kitu cha kumfaa. Kitu hicho kwa maoni yake kilikuwa kusoma. Kijana wa kijijini Bengal hakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiingereza, ila kitabu kingeweza kumfikia popote alipo.

Alipovichunguza vitabu vya kusomea vya wakati ule akaona tatizo lilipo. Maneno mapya yalimwagwa kwa wingi, tena mengi ni ya kifasihi au ya kizamani, na neno lililotokea mara moja halikurudi tena. Mwanafunzi alikutana nalo, akalitafuta maana, kisha hakulihitaji tena. Kuanzia miaka ya 1920 West akaandika vitabu vyake kwa njia nyingine. Neno adimu alilibadilisha kwa neno la kawaida, maneno mapya aliyatawanya, na kila jipya alihakikisha linarudi mara kadhaa kabla ya lingine kuingia.

Swali lililobaki lilikuwa ni maneno yapi ya kuanzia. Mwaka 1934 West, Harold Palmer, Lawrence Faucett na Edward Thorndike walikuwa miongoni mwa waliokutana New York, kwa ufadhili wa shirika la Carnegie, kuijadili kazi hiyo. Kompyuta hazikuwepo, maneno yalikuwa yamehesabiwa kwa mkono kutoka kwenye mamilioni ya maneno ya vitabu na magazeti. Mwaka 1953 West alichapisha orodha iliyokuja kuwa msingi wa vitabu vingi, A General Service List, yenye maneno ya msingi yapatayo 2,000. Katika maandishi ya kawaida ya Kiingereza, maneno hayo huchukua takriban asilimia 80 ya yote unayoyasoma. Mwaka 2013 Charles Browne, Brent Culligan na Joseph Phillips walitoa orodha mpya ya maneno yapatayo 2,800, safari hii kwa kupekua hazina ya kompyuta yenye mamia ya mamilioni ya maneno. Orodha hiyo inapatikana bure mtandaoni.

Asilimia 80 inasikika kuwa nyingi mpaka ufungue kitabu. Maana yake ni kwamba katika kila maneno matano, moja hulijui, na sentensi ya maneno kumi ina mashimo mawili. Mwaka 2000 watafiti Marcella Hu na Paul Nation waliwapa wanafunzi hadithi ambayo sehemu ya maneno yake ilibadilishwa kuwa maneno ya kubuni, kisha wakapima uelewa wao. Waliokuwa na mashimo mengi walipotea. Makadirio yaliyotokana na utafiti huo ni kwamba ili mtu asome hadithi na kuifurahia bila msaada, anatakiwa awe anajua takriban asilimia 98 ya maneno yake. Hiyo ni kusema neno geni moja katika kila maneno 50.

Hapo ndipo unapopata kipimo cha kwenda nacho dukani. Fungua kitabu katikati, maana kurasa za mwanzo hudanganya, na usome mistari mitano kamili. Mistari hiyo katika kitabu cha kawaida ina maneno kama 50. Ukikuta neno geni moja, nunua. Ukikuta matatu, kitabu hicho ni cha kusoma na mwalimu au na kamusi mkononi, na hutakisoma kwa muda mrefu kabla ya kuchoka. Ukikuta sita, mrudishie mwenyewe kwa heshima, hata kama ni kitabu ambacho dunia nzima inakisifu.

Wepesi usio wa kitoto

Warithi wa West wapo kwenye maduka mengi ya vitabu na kwenye baadhi ya maktaba za shule: vitabu vyembamba vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi. Oxford wana mfululizo wa Bookworms ambao ngazi yake ya kwanza inatumia maneno ya msingi 400, ya pili 700, ya tatu 1,000, ya nne 1,400, ya tano 1,800 na ya sita 2,500. Penguin, Cambridge na Macmillan wana mifululizo yao. Ngazi huandikwa kwenye jalada, kwa hiyo muuzaji asiyejua Kiingereza naye anaweza kukusaidia kutafuta.

Watu wazima huviona haya. Mhasibu mwenye shahada hataki kuonekana kwenye daladala akisoma kitabu chenye picha na herufi kubwa. Lakini hesabu haijali shahada. Mwenye maneno 1,000 anayesoma kitabu cha maneno 1,000 husoma kurasa kumi kwa kikao kimoja, na ndani yake hukutana mara nyingi na maneno yaleyale yanavyofanya kazi: nini hutangulia, nini hufuata, yanakaa na nani. Huyohuyo akishika riwaya ngumu husoma nusu ukurasa, na muda wake mwingi hupita ndani ya kamusi. Wa kwanza amesoma Kiingereza kwa saa nzima, na wa pili amefanya kazi ya kutafuta maneno kwa alfabeti.

Ushahidi maarufu wa jambo hili unatoka Fiji. Mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya kuvutia, vipatavyo 250 kwa darasa, kwenye shule za vijijini ambako Kiingereza ni lugha ya pili. Shule nyingine ziliendelea na mafunzo ya kawaida ya kukariri miundo. Baada ya mwaka mmoja, watoto waliomiminiwa vitabu walikuwa wamesonga mbele katika ufahamu wa kusoma na kusikiliza kwa kasi ya karibu mara mbili ya kawaida.

Tanzania ililipitia jambo hilo kwa njia yake. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza shuleni na kueleza kwamba kiwango cha wanafunzi wa sekondari hakikutosha kabisa kusomea masomo mengine, na kwamba wengi hawakuweza kusoma zaidi ya vitabu vyepesi mno. Mradi uliofuata mwaka 1987, kwa msaada wa Uingereza, ulitia mkazo katika kupeleka vitabu vya hadithi vya ngazi kwenye shule za sekondari. Mradi haukuweza kulitatua tatizo la mwanafunzi anayefundishwa fizikia kwa lugha asiyoielewa, lakini wazo la kwamba mtoto asome vitabu vingi vilivyo saizi yake lilikuwa sahihi.

Waliopita kidato cha kwanza na cha pili katika miaka iliyofuata wanavikumbuka vitabu viwili vya Richard Mabala, Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer. Muulize mtu wa rika hilo kuhusu vitabu vyake vya fizikia, hatakumbuka hata jalada. Muulize habari za Hawa, atacheka na kuanza kukusimulia. Sentensi zake ni fupi, lakini siri kubwa ni kwamba msomaji anaijua dunia ya hadithi: basi, abiria, shamba, pombe, wakwe. Kisichojulikana ni maneno tu, na maneno hayo yanabashirika kwa sababu mambo yanajulikana. Anayesoma hadithi ya theluji na treni za chini ya ardhi ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukipata vitabu viwili vya ngazi moja, kimoja cha huku na kimoja cha ng'ambo, anza na cha huku.

Asiye na fedha ya kununua ana pa kwenda. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umeweka mtandaoni hadithi nyingi fupi zenye picha, bure, katika lugha za Kiafrika na Kiingereza, na zimepangwa kwa ngazi. Nyingi zipo kwa Kiswahili pia. Mzazi na mtoto wanaweza kusoma hadithi ileile kwanza kwa Kiswahili, kesho yake kwa Kiingereza, na kamusi ikabaki mahali pake.

Kamusi iliyochapwa vitani

A. S. Hornby alifika Japani mwaka 1924 kufundisha fasihi ya Kiingereza. Akakuta wanafunzi wanaosoma Shakespeare lakini hawawezi kuandika barua ya kawaida bila kukosea. Akaacha fasihi, akajiunga na kazi ya Harold Palmer, ambaye mwaka 1923 alikuwa ameanzisha taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza mjini Tokyo. Hornby na wenzake, E. V. Gatenby na H. Wakefield, wakaandaa kamusi ya aina ambayo bado ilikuwa adimu: kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza kwa ajili ya mtu ambaye Kiingereza si chake. Shirika la Kaitakusha la Tokyo liliitoa mwaka 1942, wakati Japani na Uingereza ziko vitani. Mwaka 1948 Oxford waliichapa upya, na hiyo ndiyo kamusi ambayo leo inajulikana duniani kote kama Oxford Advanced Learner's Dictionary.

Kamusi za Waingereza wenyewe humweleza msomaji maana ya maneno magumu, kwa sababu mepesi anayajua tangu utotoni. Mgeni anahitaji kinyume chake. Maneno yanayomwangusha ni yale mepesi, na anachotaka kujua ni namna ya kuyatumia. Tazama kitenzi suggest. Kamusi ya lugha mbili itakuambia ni "pendekeza", na hapo itakuacha. Kiswahili kinaruhusu kauli ya kutendea: "alinipendekezea niombe kazi." Ukiibeba ilivyo utaandika He suggested me to apply, na hilo ni kosa ambalo utalikuta kwenye barua za watu wenye elimu kubwa. Fungua kamusi ya mwanafunzi kwenye kidahizo hicho na utaona, mara tu baada ya maana, miundo imepangwa kwa herufi nzito: kitenzi hiki hufuatwa na that na sentensi kamili, au na kitenzi chenye -ing, na ukitaka kumtaja mtu lazima utangulize to. Kwa kuitazama mistari hiyo mitatu, kosa la miaka kumi linaweza kwisha.

Au tazama herufi moja ndogo. Mbele ya equipment, furniture, information na advice kamusi hizi huweka herufi U, alama ya nomino isiyohesabika. Kwetu vifaa ni vingi, taarifa ni mbili au tatu, na habari huja moja baada ya nyingine. Ndiyo maana vibao vya ofisi na maduka vinajaa equipments na furnitures. Mwenye mazoea ya kuitafuta U haandiki hivyo. Alama ya namna hiyo ya kutenga kinachohesabika na kisichohesabika ilikuwemo tangu ile kamusi ya Tokyo.

Warithi waliendelea kuiboresha. Longman walitoa kamusi yao mwaka 1978 wakijifunga kueleza maana zote kwa maneno yapatayo 2,000 tu, wakiegemea kazi ya West. Collins COBUILD ya mwaka 1987, iliyosimamiwa na John Sinclair pale Chuo Kikuu cha Birmingham, ilieleza kila neno kwa sentensi kamili ambamo neno lenyewe limo kazini, na mifano yake ilitoka katika maandishi halisi yaliyokusanywa kwenye kompyuta. Oxford, Longman na Cambridge sasa wameweka kamusi zao za wanafunzi mtandaoni bure, zikiwa na sauti za matamshi ya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani.

Kamusi ya lugha mbili ina nafasi yake, na walimu wanaoikataza wanawaonea wanafunzi. Ukikutana na neno owl, maelezo ya ndege wa usiku mwenye macho makubwa hayatakufikisha haraka kama neno moja: bundi. Kwa wanyama, mimea, magonjwa, vifaa na istilahi, kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1996, inafaa kuliko kamusi yoyote ya London. Ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado inauzwa mitaani na ni hazina kwa anayekipenda Kiswahili, lakini Kiingereza chake ni cha kabla ya Vita vya Pili. Shika utaratibu huu: unaposoma, tumia kamusi ya lugha mbili upate maana na uendelee na hadithi; unapoandika, tumia kamusi ya mwanafunzi.

Kurasa mbili za Murphy

Katika sarufi, jina moja limewafunika wengine. Raymond Murphy alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na kitabu chake English Grammar in Use kilitolewa na Cambridge mwaka 1985. Jalada lake la buluu limeonekana karibu kila mahali, mara nyingi katika nakala za kudurufu ambazo mwandishi hakupata hata senti.

Ubora wake uko katika mpangilio. Kila mada inachukua kurasa mbili zinazotazamana: kushoto maelezo mafupi na mifano, kulia mazoezi. Ukiwa na dakika ishirini unaweza kuanza jambo na kulimaliza. Matoleo ya karibuni yana mada 145, na nyuma kuna mwongozo wa kumwelekeza mwanafunzi kwenye mada anazozihitaji. Yaani hakikuandikwa kisomwe kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ingawa wengi hukisoma hivyo, wakachokea kwenye nyakati za vitenzi na kamwe wasifike kwenye sehemu inayowahusu zaidi.

Kwa msemaji wa Kiswahili, sehemu inayomhusu zaidi iko mbele sana. Lugha yetu haina a na the, na kasoro hiyo ndiyo hudumu hata kwa mtu aliyesoma miaka ishirini. Kitabu kilichoandikiwa dunia nzima hakiwezi kujua kwamba umetoka kwenye Kiswahili, kwa hiyo lazima ujipangie mwenyewe. Anza na mada za a na the pamoja na nomino zisizohesabika. Zifuatie za vihusishi in, on na at, ambavyo sisi huvimaliza kwa -ni na "kwenye". Kisha shika tofauti ya I have seen na I saw, kwani -me- na -li- zetu hazigawani kazi kama hizo mbili. Tofauti ya he na she haihitaji kitabu. Unaijua kwenye karatasi, ila ulimi ndio husahau, na ulimi hufundishwa kwa kusema.

Mambo mawili ya kuangalia unaponunua. La kwanza ni rangi: la buluu ni la ngazi ya kati, jekundu ni Essential Grammar in Use, kwa wanaoanza, na la kijani ni la ngazi ya juu, lililoandikwa na Martin Hewings. Wengi wanaohangaika na la buluu wangefurahi na jekundu. La pili ni majibu. Kuna toleo lenye majibu na toleo lisilo nayo, ambalo ni la darasani. Anayejisomea peke yake akinunua lisilo na majibu atafanya mazoezi mia bila kujua kama anajifunza au anayakomaza makosa yake. Geuza kurasa za mwisho kabla ya kutoa fedha.

Sauti

Kiswahili kimetudekeza: kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa. Mwenye mazoea hayo akijifunza Kiingereza kwa macho peke yake huitamka s ya island na b ya debt, na bird, bad na bud zote hutoka mdomoni zikiwa kitu kimoja. Kitabu hakiwezi kulitibu hilo.

Dawa ilianza kutolewa na redio. BBC walianzisha masomo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Sauti ya Amerika, VOA, ilianza tarehe 19 Oktoba 1959 kutangaza habari kwa Kiingereza maalumu: maneno yapatayo 1,500, sentensi fupi, na msomaji anayekwenda taratibu. Ni wazo lilelile la West, safari hii kwa sikio. Leo BBC Learning English wana vipindi vifupi, kama 6 Minute English, vinavyotoka pamoja na maandishi yake, na unaweza kuvipakua ukiwa na bando la usiku na kuvisikiliza mchana bila intaneti.

Namna ya kuvitumia ni muhimu kuliko wingi wake. Sikiliza mara moja bila kusoma, uone umeshika nini. Sikiliza tena ukifuatisha maandishi kwa kidole, na uweke alama pale ambapo ulichokisikia hakikufanana na ulichokiona. Hapo ndipo somo lilipo. Kisha simamisha sentensi moja moja na uirudie kwa sauti, ukiiga mpaka mwendo wake. Kipindi kimoja kilichofanyiwa hivi kwa wiki nzima kina faida kuliko saa nyingi za filamu zinazopita sebuleni na maandishi ya Kiswahili chini.

Yanayouzwa kwa kelele

Kwenye stendi za mabasi kuna vijitabu vinavyoahidi Kiingereza kwa siku thelathini. Vingi ni orodha za sentensi za kusalimiana na kuuliza njia, nyingine zikiwa na makosa. Bei yake ni ndogo na hasara yake ni ndogo pia. Ila usivihesabu kuwa kozi.

Vitabu vya mitihani ya IELTS na TOEFL ni habari nyingine. Vimeandikwa vizuri, lakini vinafundisha mtihani: maswali yanavyoulizwa, muda unavyogawanywa, mtahini anachotafuta. Anayevianza akiwa hajui lugha atazijua hila za mtihani ambao hawezi kuufaulu. Jenga lugha kwanza, na vitabu hivyo uvishike miezi michache kabla ya siku yenyewe.

Programu za simu, kama Duolingo iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012, zina jambo moja zuri: hukurudisha kila siku. Udhaifu wa nyingi ni kwamba zoezi lao ni kutambua, na mtu anaweza kufuzu kutambua jibu kati ya manne huku akishindwa kulitoa mwenyewe. Zitumie kwenye foleni, lakini saa yako nzuri ya siku usiipe simu.

Kwa kutunza maneno, njia iliyo bora haihitaji umeme. Mwaka 1972 Sebastian Leitner, mwandishi wa habari za sayansi kwa Kijerumani, alieleza matumizi ya sanduku la kadi lenye vyumba vitano. Kata karatasi ngumu vipande vidogo. Upande mmoja andika sentensi ya Kiingereza yenye pengo, upande wa pili neno linalokosekana. Kadi zote huanzia chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Uliyoipata inahamia cha pili, kinachopitiwa baada ya siku chache, na kuendelea hivyo hadi cha tano, ambacho utakipitia mara moja kwa muda mrefu. Uliyoikosa inarudi cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika cha nne. Kwa utaratibu huo maneno unayoyajua hayakupotezei muda, na yale yanayokusumbua hayapati pa kujificha.

Rafu ya mwenye fedha kidogo

Tukijumlisha, mahitaji si mengi. Nunua kitabu kimoja cha sarufi cha ngazi yako, chenye majibu. Nunua kamusi moja ya lugha mbili, na kamusi ya mwanafunzi uitumie mtandaoni mpaka utakapoweza kununua ya karatasi. Fedha yote inayobaki iende kwenye vitabu vyembamba vya hadithi, viwe vingi kadiri iwezekanavyo. Wanne mnaojifunza pamoja mkinunua vitabu vitatu vitatu na kubadilishana, kila mmoja ana kumi na viwili. Mtaka yote hukosa yote. Anayefungua kozi tano kwa mwezi hamalizi hata moja.

Muda nao ugawe kwa uwiano huohuo. Nusu yake uwe wa kusoma hadithi bila kusimamasimama. Robo ni ya kusikiliza na kuiga. Robo ya mwisho igawanye kati ya sarufi na kuandika, na unachoandika kitokane na ulichosoma: simulia upya sura moja kwa maneno yako, kisha fungua kitabu ulinganishe. Mwalimu akikosekana, kitabu chenyewe kitakusahihisha.

Swali la mwisho ni lini uachane na vitabu vya wanafunzi. Ngazi ya maneno 2,500 ikiwa nyepesi kwako, usirukie riwaya kubwa moja kwa moja, kwa kuwa maneno ya riwaya yametawanyika mno. Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya na magazeti bila msaada kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, na pengo hilo halizibwi kwa mwaka. Njia iliyo fupi zaidi inapita kwenye kazi yako. Muuguzi asome miongozo ya uuguzi, fundi asome kitabu cha injini anayoifungua kila wiki, mkulima wa kahawa asome taarifa za kahawa. Maneno ya fani moja hujirudia sana, na mwenye fani anayajua mambo yenyewe kabla ya kuyasoma. Fundi wa gea boksi ataielewa sentensi ambayo mhitimu wa fasihi ya Kiingereza ataisoma mara tatu, na kuanzia hapo kitabu kinachomtosha hakitakuwa tena kile kilichopunguzwa kwa ajili yake.